Kujibu imeli za wageni bila kugusa mausi: vitufe vya Gmail kwa watu wa mapokezi

Julai na Agosti, mapokezi ya hoteli ndogo Paje au Nungwi, Zanzibar, huanza siku na rundo la imeli: huyu anauliza chumba, yule atachelewa boti, wakala anataka bei. Kinachokula muda ni mkono kutoka kwenye kibodi kwenda kwenye mausi na kurudi, kwa kila imeli. Gmail ya kwenye kompyuta ina vitufe vya kumaliza safari hiyo, ila lazima uviwashe kwanza.

Bonyeza alama ya gia juu kulia, fungua mipangilio yote, na katika ukurasa wa mwanzo teremka hadi mikato ya kibodi. Iwashe, kisha nenda mpaka chini kabisa uhifadhi mabadiliko. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanachagua, wanaondoka bila kuhifadhi, halafu wanasema vitufe ni vibovu. Kama ofisi ina akaunti ya booking na nyengine ya uhasibu, kila moja iwashwe peke yake. Ukiwa bado hapo, ongeza muda wa kutengua imeli iliyotumwa kutoka sekunde 5 hadi 30. Utaushukuru.

Usihangaike kukariri vyote. Anza na mzunguko mmoja: j inakushusha kwenye imeli ya zamani zaidi, k inakupandisha, Enter inafungua, r inajibu, Ctrl na Enter zinatuma, e inaihifadhi kwenye kumbukumbu ili itoke kikasha, na u inakurudisha kwenye orodha. Fanya hivyo siku tatu mfululizo na vidole vitazoea.

Kuna kubonyeza kwa aina mbili, na ukizichanganya hakuna kitakachofanya kazi. Ctrl na Enter hushikwa pamoja. Lakini g na i hubonyezwa moja baada ya nyengine: gusa g, achia, gusa i, uko kwenye kikasha. Kwa mtindo huo huo, g kisha t hukupeleka kwenye zilizotumwa, na g kisha d kwenye rasimu.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kutojua kasa, yaani kile kistari kinachowakawaka panapoandikwa, iko wapi. Ikiwa ndani ya sanduku la kuandikia, j itaandika herufi j tu. Bonyeza Esc utoke. Hatari zaidi ni kinyume chake. Unadhani unaandika jibu, kumbe kasa haiko kwenye sanduku, na kila herufi inakuwa amri: e inahifadhi, s inatia nyota, alama ya # inafuta. Ukiona skrini inarukaruka, acha kuandika na bonyeza z mara moja, kitendo cha mwisho kitatenguka. Imeli iliyofutwa hukaa siku 30 kwenye tupio kabla ya kupotea kabisa. Iliyohifadhiwa kwa e haijafutwa: iko kwenye barua zote, na utafutaji unaipata.

Angalia sana tofauti ya r na a. r inamjibu aliyeandika peke yake. Herufi a inawajibu wote waliotajwa. Wakala akimweka mgeni kwenye nakala, nawe ukabonyeza a huku ukitaja bei ya wakala, mgeni ataisoma. Kabla ya Ctrl na Enter, tupa jicho kwenye mstari wa wapokeaji.

Kutafuta ni kwa mkwaju, / . Bonyeza, kisha andika is:unread kupata ambazo hazijasomwa, au has:attachment kwa zenye viambatisho, mfano nakala za pasipoti. Kushughulikia nyingi kwa pamoja, zipitie kwa j ukiziteua kwa x, kisha e moja inazihifadhi zote. Angalia kwanza kama hakuna iliyoteuliwa tangu zamani, maana amri itaigusa nayo.

Baadhi ya kompyuta za hoteli zimekuja na wenyewe kutoka Italia, na kibodi yao si sawa. Kwenye mpangilio wa Kiitaliano, Shift na 3 hutoa £, # iko kwenye AltGr na à, na mkwaju ni Shift na 7. Ukiwa na mipangilio miwili ndani ya Windows, ibadilishe kwa kitufe cha Windows pamoja na kitufe cha nafasi. Intaneti ikiwa nzito, bonyeza mara moja ungoje. Mbofyo wa pili unaweza kuiangukia imeli inayofuata.

Zamu ikibadilika, imeli ambayo hukuijibu usiiache ikionekana imesomwa. Fungua orodha, simama juu yake, bonyeza Shift na u. Itarudi kuwa na maandishi mazito, kama ambayo haijasomwa, na mwenzako wa usiku ataiona. Ukisahau kitufe chochote, ? inaonyesha orodha nzima papo hapo kwenye skrini.