Vitu Vinavyogusa Ndoto: Namna ya Kuvitambua, Kuvijaribu kwa Tahadhari na Kujua pa Kuishia

Mtu anayeuliza ni dawa gani itakayomletea ndoto za kujitambua, yaani ndoto ambamo mwotaji anajua fika kwamba anaota ilhali bado amelala, kwa kawaida hutarajia kutajiwa jina la kidonge. Nitaanza kwingine, kwa sababu ninaamini kwa dhati kwamba hakuna kitu cha kumeza kinacholeta kujitambua chenyewe. Hata kile chenye ushahidi mzuri kuliko vingine huupa nguvu usingizi wa saa za mwisho za usiku, na anayenufaika nacho ni mtu aliyekwisha kujizoeza kabla hajameza chochote. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na vitu ambavyo tayari viko mwilini mwako, unapita kwenye mazoezi yasiyohitaji dawa, ndipo unafika kwenye vidonge na mitishamba.

Kinachotokea usiku

Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza kipindi cha usingizi ambacho macho hucheza upesi upesi chini ya kope zilizofumbwa, na watu walioamshwa katika kipindi hicho mara nyingi walikuwa na ndoto ya kusimulia. Nitakiita usingizi wa ndoto, ingawa ndoto hutokea hata nje yake. Kipindi hicho hurudi takriban kila baada ya dakika 90; cha kwanza huwa cha dakika chache tu, lakini vile vya alfajiri huweza kuchukua nusu saa au zaidi. Mtu anayekatisha usingizi wake kwa saa mbili kila asubuhi hupoteza sehemu ile hasa yenye ndoto ndefu, na hakuna kidonge kitakachomrudishia.

Katika kipindi hicho kemikali ya ubongo iitwayo asetilikolini huwa juu, huku kemikali nyingine mbili za ubongo, serotonini na noradrenalini, zikishuka hadi karibu kunyamaza. Ukishika jambo hilo moja, utaelewa karibu kila kitu kinachofuata. Vitu hubadilisha ndoto kwa njia tatu: vingine huupunguza au kuuongeza usingizi wa ndoto, vingine huipandisha asetilikolini, na vingine humfanya mtu agutuke mara nyingi zaidi, kwa hiyo akumbuke ndoto ambazo angezisahau. Njia hii ya tatu ndiyo inayowapotosha wengi. Mtu husema dawa fulani imemletea ndoto nyingi, kumbe imemharibia usingizi.

Hatua ya kwanza: kagua unachokitumia tayari

Chukua karatasi uandike kila kitu unachomeza, kunywa au kuvuta kuanzia alasiri hadi unapolala. Pombe ndiyo ya kuanza nayo. Katika nusu ya kwanza ya usiku pombe huukandamiza usingizi wa ndoto, kisha inapoisha mwilini usingizi huo hurudi kwa kishindo, ukiwa umevunjikavunjika na umejaa ndoto nzito. Bangi nayo, kwa anayeivuta kila siku, hupunguza ndoto. Anapoiacha, ndoto humfurikia kwa siku au majuma kadhaa, nyingi zikiwa za kutisha. Mafuriko hayo huisha yenyewe, na kuyajua mapema humsaidia mtu asirudie bangi kwa hofu. Plasta ya nikotini inayovaliwa usiku kucha huleta ndoto kali, na anayesumbuliwa nazo hushauriwa kuibandua kabla ya kulala.

Dawa za hospitali zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Dawa nyingi za sonona huubana usingizi wa ndoto, lakini baadhi ya watumiaji husimulia ndoto zilizo wazi mno, na anayeziacha ghafla anaweza kupata wimbi la ndoto za kutisha pamoja na kizunguzungu na fadhaa. Propranololi, inayotumika kwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo, inajulikana kwa kuleta ndoto mbaya kwa baadhi ya watu. Efavirenzi, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, huleta ndoto zilizo dhahiri sana, hasa majuma ya mwanzo. Huelekezwa inywewe wakati wa kulala na tumbo likiwa tupu, kwa sababu chakula huongeza kiasi kinachoingia kwenye damu. Meflokwini, ya kuzuia malaria, tangu mwaka 2013 imebeba nchini Marekani onyo la daraja la juu kabisa kuhusu madhara yake katika akili na mishipa ya fahamu, na ndoto za kutisha zinaweza kuwa dalili ya mapema kwamba haimfai mtumiaji.

Naomba nieleweke vizuri hapa: usiache wala usipunguze dawa yoyote uliyoandikiwa ili kuona ndoto zitabadilikaje. Kuacha ghafla dawa ya moyo au ya sonona kunaweza kukudhuru kuliko jinamizi lolote. Mwambie aliyekuandikia kwamba ndoto zako zimebadilika, umtajie tarehe zilipoanza, na mara nyingi kubadili saa ya kumeza au aina ya dawa kutatosha.

Vidonge vya mafua na mzio vinavyoleta usingizi vinastahili kutajwa pia. Vingi vya kizazi cha zamani huzuia asetilikolini, yaani hufanya kinyume kabisa cha kile anachokitafuta mtu wa ndoto za kujitambua. Anayevimeza kila usiku ili alale, kisha akalalamika kwamba haoti, amepata jibu.

Hatua ya pili: daftari na mazoezi, bila dawa

Kwa majuma mawili weka daftari na kalamu mahali mkono unapofika bila kuwasha taa. Ukiamka usisogee, baki katika mkao uleule, uirudie ndoto kuanzia mwisho kwenda mwanzo, ndipo uandike hata kama ni maneno matatu. Andika pia saa uliyolala, saa uliyoamka na ulichokitumia jioni. Katika daftari langu la mwezi wa kwanza kuna ukurasa wenye mstari mmoja uliopinda, ulioandikwa gizani: "ufunguo, nyumba ya zamani, mlango hauna kitasa." Niliuona hauna maana. Siku nne baadaye nikakuta tena nyumba ya zamani, na juma lililofuata tena: kila mara nilikuwa natafuta ufunguo wa nyumba tuliyoihama miaka mingi iliyopita. Hiyo ikawa alama yangu. Daftari la karibu kila mtu huwa na alama ya namna hiyo, na thamani yake ni kubwa kuliko chupa nzima ya vidonge.

Alama ikishapatikana, itumie hivi. Mara moja au mbili kwa juma, katika usiku ambao kesho yake huna kazi ya mapema, tega kengele ilie baada ya saa tano za usingizi; ukilala saa 4 usiku, iwe saa 9 usiku. Ondoka kitandani kwa nusu saa, usome ndoto zako katika mwanga hafifu bila kugusa simu, kisha urudi kulala ukijisemea kwa nia ya kweli: "Nikijiona tena katika nyumba ile, nitakumbuka kwamba ninaota." Jione ukiwa ndani ya ndoto hiyo na ukiitambua. Njia hii ya kunuia ilitungwa na Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, mtu yule yule aliyethibitisha katika maabara kwamba mwotaji anaweza kutoa ishara kwa macho akiwa usingizini, jambo ambalo Keith Hearne wa Uingereza alikuwa ameshalinasa mwaka 1975. Wengi wataishia hapa, na watakuwa wamepata walichokitaka.

Hatua ya tatu: galantamini, na kwa ruhusa ya daktari

Miongoni mwa vitu vyote vinavyosifiwa, kilicho na ushahidi unaostahili kuaminiwa ni galantamini. Ilitolewa kwanza katika maua madogo meupe ya jamii ya Galanthus, na tangu mwaka 2001 imeidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa Alzheimer, maradhi ya ubongo yanayofifisha kumbukumbu. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya kinachovunjavunja asetilikolini, kwa hiyo kemikali hiyo hubaki nyingi kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 2018 LaBerge na wenzake walichapisha jaribio la watu 121. Kila mmoja alipata, katika usiku tofauti, kidonge kisicho na dawa, miligramu 4 na miligramu 8, bila kujua ni kipi. Waliamka takriban saa nne na nusu baada ya kulala, wakameza, wakakaa nje ya kitanda angalau nusu saa, wakarudi kulala wakinuia kama nilivyoeleza hapo juu. Waliopata ndoto za kujitambua walikuwa asilimia 14 bila dawa, asilimia 27 kwa miligramu 4 na asilimia 42 kwa miligramu 8. Tazama vizuri takwimu hizo. Asilimia 14 ilitokana na mazoezi pekee, na washiriki walikuwa watu waliokwisha kujifunza namna ya kuota hivyo. Anayemeza kidonge saa ya kulala bila daftari wala nia hafanyi kitu kilichopimwa pale. Na hata kwa miligramu 8, zaidi ya nusu hawakupata.

Dawa hii hupunguza kasi ya moyo. Asiitumie mwenye mapigo ya polepole au hitilafu ya umeme wa moyo, mwenye pumu, vidonda vya tumbo, kifafa, au ugonjwa mkubwa wa ini au figo, wala mjamzito na anayenyonyesha. Inagongana na dawa za kundi la propranololi kwa kushusha mapigo mno, paroksetini, mojawapo ya dawa za sonona, huiongezea nguvu mwilini, na anayesubiri upasuaji ni lazima amwambie mtaalamu wa nusukaputi kwamba aliitumia. Kichefuchefu, kutapika, kizunguzungu na usingizi uliokatika ni madhara ya kawaida. Huchukua takriban saa 7 kwa nusu yake kutoka mwilini, kwa hiyo asubuhi bado utakuwa nayo. Usiendeshe gari ukiwa na kizunguzungu.

Iwapo daktari amekagua moyo wako na dawa zako akaridhia, anza na kiasi kidogo kabisa atakachokubali, usiichanganye na kitu kingine chochote, na upitishe siku kadhaa kabla ya kurudia. Jirani akiwa na mgonjwa wa Alzheimer nyumbani, vidonge vyake si vya kuazimwa. Vidonge vinavyouzwa mtandaoni kama virutubisho vya ndoto mara nyingi huchanganya viambato vingi pamoja, na hapo hutajua ni kipi kilichokusaidia wala kilichokudhuru.

Vitamini B6 na mitishamba

Vitamini B6 inasifiwa sana. Jaribio dogo la mwaka 2002 lililohusisha wanafunzi 12 lilionyesha ndoto kali zaidi kwa miligramu 250. Jaribio kubwa zaidi la Australia la mwaka 2018, lenye washiriki 100 na miligramu 240 kwa siku tano, lilionyesha kwamba watu walikumbuka sehemu kubwa zaidi ya ndoto zao, lakini uwazi na rangi za ndoto havikubadilika. Viwango hivyo ni vikubwa mno kwa matumizi ya kila siku. Kikomo cha Marekani kwa mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku, na Ulaya mwaka 2023 ilikiweka kwenye miligramu 12 tu, kwa kuwa vitamini hii ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva: vidole vya mikono na miguu huanza kufa ganzi, na mwendo huyumba. Kwa kumbukumbu ya ndoto pekee, daftari linafanya kazi hiyo bila hatari.

Melatonini, homoni inayouashiria mwili kwamba ni usiku, hubadilisha zaidi saa ya usingizi, na ndoto kali ni tukio la pembeni kwa baadhi ya watu. Kuhusu mitishamba, waganga wa Waxhosa wa Afrika Kusini hutumia mzizi wa Silene undulata uliopigwa katika maji hadi utoe povu, na Wachontal wa Oaxaca, Mexico, hunywa majani machungu ya Calea ternifolia. Desturi hizo zina wazee wanaozisimamia na masharti yake; unga uliofika kwa posta hauna hayo, wala hauna uhakika wa kilichomo. Mmea mwingine unaosifiwa kwa ndoto, Artemisia vulgaris, usitumiwe na mjamzito. Na mmea wenye sumu uitwao Datura usiguswe na yeyote: huzuia asetilikolini, huleta kuweweseka na kuchanganyikiwa mtu akiwa macho, na imeua watu.

Wakati wa kuacha

Aliyewahi kupata maradhi ya akili yenye kuona au kusikia yasiyokuwapo, au mwenye hali ya kupanda na kushuka kwa furaha kupita kiasi, asijaribu dawa wala zoezi la kukatisha usingizi bila daktari wake kujua. Kwa wengine wote, acha mara moja ukizimia, mapigo ya moyo yakibadilika, ukianza kushindwa kutofautisha kilichotokea na ulichokiota, au ukijikuta unaogopa kulala. Mtu wa makamo au mzee anayepiga ngumi na mateke akiwa ndotoni anahitaji kuonwa na mtaalamu wa mishipa ya fahamu, hata kama hajameza chochote, na mwenzake wa kitandani ahojiwe pia, maana yeye ndiye aliyeyaona.

Baada ya mwezi, fungua daftari uhesabu: usiku ngapi ulijitambua kwa mazoezi peke yake, ngapi kwa msaada wa dawa, na katika kila kundi ulilala saa ngapi. Kama tofauti haionekani kwenye kurasa zako mwenyewe, usinunue tena.