Kufunga bampa ya chuma ya nyuma na keria ya spea kwenye Land Cruiser 80, hatua kwa hatua

Tairi ya spea ya Land Cruiser 80 inakaa chini ya gari nyuma kabisa, imening'inia kwa cheni, na ukitoka kwenye korongo mara nyingi ndo kitu cha kwanza kugusa ardhi. Halafu pata pancha kwenye tope uone, inabidi ulale chini uanze kuzungusha cheni iliyojaa udongo. Wengine wanataka ile nafasi waweke tangi la pili la mafuta, wengine wamepanda hadi tairi za 315/75R16 na pale chini pamebana. Vyovyote vile jibu ni lile lile, bampa ya chuma yenye mkono unaofunguka na spea inakaa mgongoni.

Naandika kwa 80 kwa sababu ndo nazifanya sana. Series 100 na Prado nazo zina chesisi, kanuni hazibadiliki, ni vipimo tu. Wenye Prado zenye spea mlangoni mnahusika zaidi kuliko mnavyodhani, maana ukiweka tairi nzito kuliko ile iliyokuja na gari mzigo wote unabebwa na mlango na bawaba zake, na rafu rodi itaupasua.

Jambo moja ulishike kabla hujatoa hata senti: keria haivunjiki kwa uzito, inavunjika kwa mtikisiko. Gari ikiwa imepaki hata bawaba ya geti itashika hiyo tairi vizuri tu. Sasa toka geti la Loduare la Ngorongoro mpaka geti la Naabi la Serengeti na yale mawimbi ya barabarani, tairi ya kilo 40 inapigwa juu chini mfululizo, na kila palipo na mchezo, yaani kulegea, wa milimita moja panaanza kulana. Kwa hiyo kila utakachosoma hapa chini kinahusu kuondoa mchezo. Urembo baadaye.

Kununua au kuchomesha?

ARB na Kaymar wote ni wa Australia na wanatengeneza za 80 ambazo zinaingia kwenye matundu ya gari bila kuhangaika. Bei ni kubwa na kusafirisha chuma ni gharama nyingine. Mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au wale wa Arusha wanaotengeneza bodi za gari za safari wanaweza kukuchomea nzuri kabisa, ila uende na vipimo vyako na usimame hapo hapo. Mwambie pleti ya milimita 4 kwa bampa yenyewe, milimita 8 hadi 10 kwa zile pleti zinazoshika chesisi, na mkono uwe skwea paipu ya 50 kwa 50 unene milimita 4. Akikuambia milimita 2 inatosha kataa. Pia usikubali bampa ichomelewe moja kwa moja kwenye chesisi, hata akusisitizie vipi, bampa inafungwa kwa bolti. Moto wa weldi unadhoofisha chuma pembeni ya mshono na siku ukigongwa nyuma huna cha kufungua.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa spana

Paki sehemu tambarare, pima urefu kutoka ardhini hadi ukingo wa matao ya tairi za nyuma, kulia na kushoto, andika. Utavihitaji mwishoni.

Fungua mlango wa nyuma uangalie unavyofunguka. 80 zipo za aina mbili, milango miwili ya pembeni, na ule unaogawanyika nusu juu nusu chini. Kama yako ni ya juu na chini, ule wa chini unalala nje juu ya bampa, kwa hiyo mkono lazima ufunguke zaidi ya nyuzi 90 upishe kabisa. Na kwa sisi tunaoendesha kushoto mimi napenda bawaba ya mkono iwe upande wa kulia, ukifungua unasimama upande wa ukingo wa barabara badala ya upande wa malori.

Hatua ya 2: Toa ya zamani

Shusha spea kwanza, ndo ufungue bampa. Bolti zimwagie mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake jioni, usilazimishe siku hiyo hiyo ukazikata. Chomoa soketi za taa zilizopo kwenye bampa, zifunge nailoni zisiingie vumbi.

Bampa ikitoka, ncha za chesisi zinabaki wazi, na hapa ndo usiwe na haraka. Sugua kwa brashi ya waya halafu gonga kwa nyundo ndogo kuanzia ncha kwenda mbele. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa na kutu kinatoa sauti butu na magamba yanadondoka. Gari za pwani zilizokaa na chumvi ya bahari, au zilizotoka sehemu za Japani wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, nyingi zinaonekana safi juu na ndani zimeoza. Ukikuta hivyo simamisha kazi, tengeneza chesisi kwanza. Hakuna bolti itakayokusaidia kwenye chuma kilichooza.

Hatua ya 3: Pandisha bampa, usikaze

Weka bampa juu ya jeki ya gereji na kipande cha ubao, mwenzako ashike upande mmoja, ipandishe taratibu hadi pleti zikutane na chesisi. Ingiza bolti zote kwa mkono. Ukikaza moja mapema zingine hazitaingia, utaanza kulaumu aliyetengeneza bure.

Sasa weka pima maji juu ya bampa, halafu rudi nyuma mita kadhaa uangalie kwa macho pia, maana bodi za gari kuukuu mara nyingi zimelala kidogo na bampa iliyonyooka kwa pima maji itaonekana imepinda. Nikilazimika kuchagua nafuata bodi. Acha nafasi ya milimita 10 hadi 15 kati ya bampa na bodi. Bodi ya 80 imekaa juu ya raba na chesisi inajinyonga chini yake, ukiacha nafasi ndogo siku ya kwanza kwenye mashimo bampa itakula rangi.

Kuna matundu mapya ya kutoboa? Angalia kwanza nyuma ya pale unapotoboa kuna nini, tangi na mipira ya mafuta viko jirani sana. Anza na drili ndogo ya milimita 4 kisha panda hadi 13 kwa bolti za M12, na chuma cheupe kilichobaki kipake praima kabla hujaingiza kitu. Halafu hili wengi wanaliruka: chesisi ni boksi, ndani ni tupu. Bolti ikipita ukuta hadi ukuta bila kitu katikati, ukikaza unaminya boksi, kuta zinaingia ndani kidogo kidogo na baada ya muda bolti imelegea yenyewe wakati nati haijazunguka hata robo. Kata kipande cha bomba nene chenye urefu sawa na upana wa ndani wa chesisi, kiweke ndani, bolti ipite humo. Hapo unaweza kukaza kisawasawa.

Hatua ya 4: Kaza

Soma namba ya ugumu kwenye kichwa cha bolti. Ikiandikwa 8.8 tumia, 10.9 ni bora zaidi, ikiwa haina maandishi yoyote irudishe dukani. M12 ya 8.8 inakazwa karibu Nm 80, ya 10.9 karibu Nm 115, na hapa azima spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kama huna. Tumia nati zenye nailoni na washa nene pande zote mbili. Ukimaliza chora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye pleti, ikizunguka tu utaona bila kushika spana.

Hatua ya 5: Bawaba ya mkono

Ukiniuliza fundi atumie nini nitasema habu na stabu (ekseli fupi) ya trela ndogo, yenye beringi mbili za rola zilizochongoka, moja juu moja chini. Bomba ndani ya bomba lenye grisi, kama la geti, linaenda vizuri mwanzoni, likishaanza kulika tundu linakuwa yai na mkono unashuka, lachi (kifungio cha ncha ya mkono) haikutani tena.

Stabu ipite bampa nzima, itoboe pleti ya juu itokee ya chini na ichomelewe sehemu zote mbili. Ikishikwa pleti ya juu peke yake, pleti itapasuka kuizunguka stabu, utaona kwanza rangi imefanya ufa mwembamba wa duara. Kazi hii ya weldi ifanyike bampa ikiwa chini, mbali na gari. Ikibidi kabisa kuchomelea ikiwa kwenye gari, toa waya wa hasi wa betri, chomoa soketi ya kompyuta ya injini kama gari yako inayo, ethi ya mashine ya weldi iwe karibu na mshono, na mtu asimame na mtungi wa kuzimia moto, kuna tangi pale.

Kukaza beringi: jaza grisi, kaza nati huku unazungusha mkono kwenda na kurudi hadi uhisi mzito, kisha legeza kidogo sana na uweke spliti pini. Kwenye gurudumu ungelegeza zaidi, ila hapa hakuna mwendo kasi, bora iwe nzito kidogo kuliko kuwa na mchezo. Shika ncha ya mkono uinue juu kwa nguvu. Ikicheza hata kidogo, rudia.

Hatua ya 6: Kitako na lachi

Kama una muda wa kusoma sehemu moja tu soma hii. Mkono ukifungwa, bawaba haitakiwi kubeba tairi peke yake. Upande wa lachi panatakiwa kitako juu ya bampa, kipande cha chuma chenye mteremko mdogo na raba ngumu juu yake, mkono unapofungwa unapanda ule mteremko na kuinuka milimita 2 au 3 kabla haujakaa. Ile milimita mbili tatu ndo kila kitu, maana hapo uzito umegawanyika sehemu mbili na bawaba inapumua. Bila kitako mkono wote unatingishika kutoka ncha moja.

Lachi iwe ya kubana, ile unayovuta mpini inajifunga ikivuka katikati, yenye skurubu ya kurekebisha urefu. Raba ya kitako ikilika unaongeza mzunguko mmoja, inabana tena. Kitasa cha mlango au komeo la kawaida havifai, vinashika lakini havibani. Halafu juu ya lachi ongeza pini ya usalama yenye klipu, lachi ikifunguka njiani kwa mtikisiko pini ishike. Weka na kufuli hapo hapo.

Na pini ya kushika mkono ukiwa wazi, hiyo ni lazima. Paki kwenye mteremko ufungue bila pini, mkono wa kilo 60 na tairi yake unarudi wenyewe na wewe umeinamia buti. Shokapu ya gesi peke yake naiona haitoshi.

Hatua ya 7: Tairi

Iwe karibu na mlango iwezekanavyo, nafasi ya sentimita 3 hadi 5 inatosha, kila sentimita ya nyuma inaongeza nguvu kwenye bawaba. Urefu upange ili kioo cha nyuma kionekane angalau nusu ya juu. Rimu za 80 ni matundu 6 na stadi za M12x1.5, funga kwa stadi tatu. Ongeza raba nene mbili kwenye mkono zinazogusa ubavu wa tairi, zikandamizwe kidogo unapokaza nati, zinameza ule mtetemo mdogo mdogo.

Hatua ya 8: Taa na namba

Spea ikifunika pleti namba, ihamishie kwenye mkono au pembeni ya bampa, na lazima iwe na taa yake usiku. Waya unaopita kwenye bawaba upe ulegevu na uufunge ndani ya mpira, fungua na funga mkono mara kadhaa uangalie hauvutwi wala haubanwi. Maungio yawe ya kuchomelea kwa risasi au soketi zisizoingiza maji. Jaribu breki, indiketa, rivasi.

Hatua ya 9: Springi na majaribio

Sasa rudi kwenye vile vipimo vya mwanzo. Urefu kati ya eksli za 80 ni mita 2.85. Ukiweka kilo 100 mita 1.3 nyuma ya eksli ya nyuma, eksli hiyo haipati kilo 100, inapata karibu 145, na mbele panapungukiwa na 45. Ndo maana gari inakaa mkia chini na usukani unakuwa mwepesi. Kama nyuma imeshuka zaidi ya sentimita 2 bila mzigo, weka springi za nyuma za mzigo zaidi pamoja na shokapu zinazoendana nazo, kisha rekebisha taa za mbele maana zitakuwa zinawapiga wenzako machoni.

Endesha rafu rodi kama saa moja, simama, pitia mistari yote nyeupe ya rangi, shika ncha ya mkono uinue tena. Angalia mishono ya weldi kuzunguka stabu. Ukirudi nyumbani kaza kila kitu upya kwa toki. Baada ya hapo kila ukipiga grisi gari, piga na ile habu.

Na kabla hujaondoka safari yoyote, chukua spana ya magurudumu iliyopo kwenye gari yako uijaribu kwenye nati za spea. Mara nyingi fundi anafunga nati za saizi nyingine alizokuwa nazo gereji, ukikuta hivyo zibadilishe siku hiyo hiyo.