Namna ya Kuufuatilia Mfumo wa Neva Unaojiendesha kwa Vidole Viwili

Hakuna mtu awezaye kuuamuru moyo wake upunguze mwendo kama anavyouamuru mkono ushike kikombe cha kahawa. Moyo, matumbo, mboni za macho, tezi za mate na za jasho huongozwa na mfumo wa neva, yaani mishipa ya fahamu, unaojiendesha, jina alilolitoa mwanafiziolojia Mwingereza John Newport Langley mwaka 1898. Hata hivyo, kazi za mfumo huo zaweza kufuatiliwa hapo hapo barazani, kwa vidole viwili na saa yenye akrabu ya sekunde.

Chagua wakati wa utulivu, kwa mfano baada ya sala ya alasiri, lakini kabla muuza kahawa hajapita, kwani kahawa yaweza kuvuruga hesabu. Keti dakika 5 bila ya kuzungumza, kisha weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupata kati ya 60 na 100. Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba moyo ukiachwa bila ya amri yoyote ya neva hupiga takriban mara 100 kwa dakika. Kwa hiyo aliyepata 68 anaishika breki ikifanya kazi. Breki hiyo ni upande mmoja wa mfumo huo, uitwao parasimpathetiki, unaoufikia moyo kupitia neva ya vagasi, iteremkayo kutoka shina la ubongo hadi kifuani na tumboni.

Bila ya kuondoa vidole, vuta pumzi polepole kwa hesabu ya 4, kisha itoe kwa hesabu ya 6. Unapovuta, vagasi hulegea na mapigo husongamana. Unapotoa, hukaza na mapigo huachana. Kwa kijana tofauti hiyo huwa dhahiri, ilhali kwa mzee yaweza isisikike kabisa, na hilo peke yake si ugonjwa.

Sasa lala chali mkekani dakika 5, hesabu, simama, uhesabu tena. Damu ipatayo nusu lita au zaidi huteremka tumboni na miguuni. Vipokezi vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingoni na juu ya moyo huhisi shinikizo likishuka, na upande wa pili wa mfumo, uitwao simpathetiki, ambao nyuzi zake hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu za kifua na kiuno, hukaza mishipa ya damu na kuuhimiza moyo. Ongezeko la mapigo 10 hadi 20 ni la kawaida. Mzee atumiaye dawa za presha asilifanye jaribio hili peke yake, na anayezimia anaposimama amwone daktari.

Upande huo wa simpathetiki anaujua vyema mchumaji karafuu wa Pemba. Mkarafuu ni mti wa matawi mepesi kukatika. Tawi likialika chini ya unyayo, kinywa humkauka, viganja humlowa na moyo humwenda mbio kabla hajatambua kilichotokea. Akishateremka salama, moyo huendelea kumdunda dakika kadhaa, kwa sababu homoni ya adrenalini iliyomwagwa na tezi zilizo juu ya figo bado imo katika damu. Na akae kivulini, atoe pumzi ndefu polepole, ahesabu mapigo mpaka yarudi, ndipo apande tena.