Paka mwenye kisukari: usipime asubuhi tu

Wenzangu wa Mtwara mnaomchoma paka insulini, pimeni sukari kabla ya kila sindano, asubuhi na jioni. Namba ikiwa chini kuliko kawaida yake, au amegoma kula, usichome kwanza. Mpigie daktari wa mifugo.

Kinachosahaulika ni kipimo cha katikati. Insulini hushusha sukari zaidi saa kadhaa baada ya sindano, kwa hiyo namba ya asubuhi peke yake haikuonyeshi alikoshukia. Dozi ikibadilishwa, muulize daktari siku gani ushinde nyumbani upime kila baada ya saa 2, kwa saa 12, ukiandika namba zote. Nyumbani ni bora kabisa kwa kazi hii, maana paka akiogopa kliniki sukari hupanda kwa hofu tu.

Damu toa ukingoni mwa sikio. Lipashe kwanza kwa kitambaa chenye uvuguvugu, shika pamba upande wa nyuma usijichome kidole, kisha toboa pembeni kidogo ya mshipa. Tone dogo linatosha.

Na unyevu huu wa pwani yetu, jamani, unaharibu stripu, vile vijikaratasi vya kupimia sukari! Funika kopo papo hapo. Mashine ya kupimia sukari ya binadamu mara nyingi husoma chini kidogo kwa paka, basi tumia ileile siku zote.

Akiyumba au kutetemeka, huenda sukari imeshuka mno; mpake asali kwenye fizi na umkimbize kwa daktari.