Somo: Namna ya Kumpata Mgombea Ambaye Hata Walioshindwa Watamnadi

Chama kinapoanza kumtafuta mgombea, macho ya wengi huwa kwa mshindi. Katika somo hili naomba tumtazame zaidi aliyeanguka, kwa sababu chama huanza kupoteza uchaguzi siku ile mtia nia anapotoka kwenye kura za maoni akiamini kwamba ameonewa, na wafuasi wake wakaamua kukaa naye kando. Kila hatua ninayoieleza hapa ipimwe kwa swali moja: je, aliyeshindwa atakuwa na sababu ya kupanda jukwaani kumnadi aliyemshinda?

Hatua ya kwanza: kanuni zitangulie majina

Kanuni za uteuzi ziandikwe na kupitishwa kabla mtu yeyote hajachukua fomu. Kanuni iliyotungwa baada ya majina kujulikana, hata ikiwa nzuri, itaonekana imetungwa kumbeba fulani au kumkata fulani. Zieleze sifa za mgombea, wenye haki ya kupiga kura, namna mshindi anavyopatikana, muda wa kukata rufaa na chombo kitakachosikiliza rufaa hizo. Msimamizi wa uteuzi asiwe mtia nia wala mpiga debe wa mtia nia.

Hatua ya pili: amueni nani anachagua

Hapa ndipo penye uzito, na ndipo vyama vingi vinapokosea. Uamuzi unaweza kuwa mikononi mwa kamati ndogo, wajumbe wa mkutano mkuu, wanachama wote, au hata wananchi wasio na kadi. Kamati ndogo huamua haraka na huwajua watu kwa undani, lakini uamuzi wake hushukiwa kirahisi. Mwaka 1968, chama cha Democratic cha Marekani kilimteua Hubert Humphrey ingawa hakuwa ameshiriki katika kura za awali za majimbo; chama kikaingia kwenye uchaguzi kikiwa kimepasuka, naye akashindwa na Richard Nixon.

Kuwaachia wanachama nako kuna mtego wake. Katika chama cha Conservative cha Uingereza, wabunge huchuja majina ya wanaowania uongozi wa chama hadi yabaki mawili, kisha wanachama huamua. Mwaka 2022 wabunge walimpa Rishi Sunak kura nyingi zaidi, wanachama wakamchagua Liz Truss, na kwa kuwa chama kilikuwa madarakani akawa Waziri Mkuu, lakini uwaziri mkuu wake ukadumu siku 49 tu. Kiongozi ambaye wabunge wengi wa chama chake hawakumtaka tangu mwanzo hana pa kuegemea upepo unapobadilika.

Mimi napendelea mchujo unaofanywa na kamati kwa sababu zilizo wazi, ukifuatiwa na kura ya watu wengi. Neno la msingi hapo ni sababu. Mwaka 2015 nchini Tanzania, watia nia 38 wa urais walirejesha fomu ndani ya CCM. Kamati Kuu ilibakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu ukamchagua John Magufuli. Edward Lowassa, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, hakuwamo hata katika wale watano. Akahamia Chadema, akapeperusha bendera ya upinzani na kupata karibu asilimia 40 ya kura. CCM ilishinda, lakini ilishinda kwa kupambana na mtu wake yenyewe.

Hatua ya tatu: daftari la wanachama lifungwe mapema

Niliwahi kusimamia kura za ndani za chama kimoja ambacho sitakitaja. Saa mbili asubuhi foleni ilikuwa ndefu, na mbele yangu alisimama kijana aliyeshika kadi mpya kabisa, isiyo na mkunjo hata mmoja. Nilimwuliza jina la mwenyekiti wa tawi lake. Akageuka nyuma kumtafuta aliyemleta. Waliokuwa na kadi za namna hiyo walikuwa wengi, na kwa kuwa kanuni hazikutaja tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, sikuwa na mamlaka ya kuwazuia. Aliyeshindwa siku ile hakukubali matokeo, na siwezi kumlaumu. Tarehe ya kufunga daftari iandikwe ndani ya kanuni, na kila mtia nia apewe nakala aikague.

Hatua ya nne: mshindi awe na wingi wa kweli

Chukua watia nia watano na wapiga kura 1,000, ambapo wa kwanza anapata kura 280, wa pili 260, wa tatu 210, wa nne 150 na wa tano 100. Ukimtangaza wa kwanza, umetangaza mtu ambaye wapiga kura 720 hawakumchagua. Rudieni kura kwa wawili wa juu. Gharama inaongezeka, lakini duru ya pili humlazimisha kila mmoja kwenda kuzungumza na kambi za wale watatu walioanguka, na mazungumzo hayo ndiyo mwanzo wa kuponya majeraha.

Hatua ya tano: baada ya matokeo

Vyama vingi huwasainisha watia nia ahadi ya kumuunga mkono mshindi. Isainiwe, lakini msiitegemee peke yake. Nchini Ufaransa mwaka 2017, Manuel Valls alishindwa na Benoît Hamon katika kura za awali zilizoongozwa na chama cha Kisoshalisti, kisha akatangaza kwamba atampigia Emmanuel Macron, mpinzani wa Hamon, kinyume cha ahadi hiyo. Hamon aliambulia zaidi kidogo ya asilimia 6 ya kura za urais. Mshindi awafuate wenzake mwenyewe, mapema, na awape kazi halisi katika kampeni.

Maswali ya wanachama

*Ndugu mwalimu, tufanye nini ikiwa kipenzi cha wanachama hakubaliki kwa wananchi?*

Mwambieni ukweli kabla ya kura, mkiwa na takwimu mkononi. Baada ya mwaka 1968, Democratic walibadili kanuni ili kuwapa wanachama sauti kubwa zaidi, na mwaka 1972 wakampata George McGovern, aliyeshindwa katika majimbo 49 kati ya 50. Kwa hiyo kanuni za haki peke yake hazitoshi. Watia nia washindanishwe pia mbele ya watu wasio wa chama, kwa midahalo ya wazi, ili wanachama waone wenyewe nani anasikilizwa nje.

*Wajumbe wetu wanahongwa usiku wa kuamkia kura. Tutazuiaje?*

Wajumbe wakiwa wachache, kuwanunua ni rahisi. Ongezeni idadi ya wapiga kura, kura iwe ya siri, na simu zisiingie kwenye chumba cha kupigia kura, kwa sababu picha ya karatasi ya kura ndiyo risiti ya mtoa rushwa. Anayethibitika kutoa, jina lake liondolewe hata kama ndiye anayeongoza.

*Je, ni lazima mwenyekiti wa chama awe ndiye mgombea?*

Si lazima, isipokuwa katiba yenu iseme hivyo. Kuongoza chama ni kazi ya kutunza nyumba. Kugombea ni kazi ya kuwashawishi majirani. Nchini Ujerumani mwaka 2019, Olaf Scholz aliwania uongozi wa chama cha SPD pamoja na mwenzake, wakashindwa na Saskia Esken na Norbert Walter-Borjans. Mwaka uliofuata, viongozi hao hao waliomshinda ndio waliompendekeza awe mgombea wa ukansela, yaani ukuu wa serikali, kwa kuwa waliona wananchi wanamwamini. Uchaguzi ulipofanyika mwaka 2021, SPD iliongoza kwa kura, na Scholz akawa Kansela.