Tovuti ya Nyumba ya Wageni ya Mji Mkongwe: Anza na Kioo cha Simu

Anayeihitaji zaidi tovuti ya nyumba ya wageni ni yule mgeni aliyekwisha kushuka bandarini Malindi, ambaye teksi imemwacha pembezoni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa kuwa vichochoro havipitiki kwa gari, na sasa ameshika begi mkono mmoja na simu mkono wa pili huku jua likimulika kioo. Msanifu amfikirie huyo kwanza. Mwenye kompyuta ya mezani anaweza kusubiri.

Panga ukurasa kwa safu moja inayotosha kioo cha pikseli 360, kisha tumia masharti ya upana katika CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, kuongeza safu ya pili pale tu mistari inapokuwa mirefu mno kusomeka. Usiisahau tagi ya viewport, inayoiambia simu ichore ukurasa kwa upana wa kioo chake, kwani ikikosekana simu nyingi huuchora ukurasa kana kwamba kioo kina upana wa takriban pikseli 980, kisha huufinya wote.

Juu kabisa iwepo namba ya simu inayopigika kwa kuguswa, pamoja na maelezo ya njia. Ramani peke yake haitoshi, kwa kuwa kuta ndefu huivuruga GPS. Elekeza kwa maneno kama wenyeji wanavyoelekezana, ukitaja Ngome Kongwe, msikiti wa jirani na baraza ya kahawa, kila alama na picha yake ndogo. Picha hizo ziwe za karibuni: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale jirani na Ngome Kongwe, iliporomoka Desemba 2020, na picha ya kabla ya hapo itamchanganya mgeni.

Picha ya mlango wa nakshi ndiyo inayowaponza wasanifu wengi. Mlango ni mrefu, hivyo ukinyooshwa kuwa bango pana la kompyuta hukatwa juu, pale hasa penye nakshi bora na pengine maandishi ya Kiarabu. Andaa picha mbili, ya wima kwa simu na ya mlalo iliyopigwa kwa mbali, kivinjari kichague kwa tagi ya picture. Zote zihifadhiwe kwa WebP, muundo wa picha wenye faili dogo, ili zisimalize bando.

Orodha ya vyakula iwe maandishi ya kawaida, si PDF ya kuvutwa kwa vidole, na mwenyeji aweze kubadilisha mwenyewe bei ya pweza wa nazi au saa za jikoni mwezi wa Ramadhani. Katika fomu ya kuweka nafasi, herufi za visanduku zisipungue pikseli 16, la sivyo iPhone itaukuza ukurasa wenyewe kila kisanduku kinapoguswa.

Hatimaye, mpe simu ya bei nafuu mtu asiyeijua nyumba hiyo, umwache sokoni Darajani saa sita mchana, aongozwe na tovuti pekee. Mfuate kwa nyuma, na kila anaposimama kuuliza njia, andika alikuwa anasoma sehemu gani.