Minyoo wa Mbwa Kihambani: Kumlinda Mkulima Pamoja na Mbwa Wake

Katika vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya Kibosho, Machame na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mbwa hulala palepale familia inapofanyia kazi: chini ya migomba, kando ya banda la ng'ombe, au juu ya majani yaliyotandazwa kwenye mashina ya kahawa. Kivuli hicho na unyevu unaozidi wakati wa masika humfaa sana mnyoo ambaye wafugaji wengi hawamfahamu, aitwaye kitaalamu Strongyloides stercoralis. Jike lake lina urefu wa takriban milimita 2, ni jembamba kuliko uzi wa kushonea, na hujichimbia katika ukuta wa utumbo mwembamba wa mbwa na wa binadamu vilevile.

Mayai ya mnyoo huyu huanguliwa ndani ya utumbo, hivyo kinachotoka na kinyesi ni lava, yaani minyoo wachanga, walio hai. Baada ya siku chache katika udongo wenye joto na unyevu, lava hao huweza kupenya ngozi, kwa hiyo mtu haambukizwi kwa kula uchafu tu. Mguu mtupu wakati wa palizi au wa kusafisha mfereji unatosha. Baadhi ya lava hukomaa kabla ya kutoka na kuuingia upya mwili uleule, ndiyo maana aliyeambukizwa utotoni anaweza kuishi na minyoo hawa kwa miongo kadhaa.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 kutoka Kambodia ulionesha kwamba baadhi ya minyoo hawa huwapata mbwa tu, ilhali wengine hupatikana kwa mbwa na kwa watu. Kwa hiyo kumtibu mbwa huku choo cha nyumbani kikiwa kibovu ni kufanya nusu ya kazi.

Kinyesi cha mbwa kiokotwe kila siku kwa koleo na kutupwa katika choo cha shimo, kamwe kisichanganywe na samadi. Ninalisisitiza hili kwa sababu samadi hubebwa kwa mikono na kuwekwa kwenye mashimo ya migomba, mara nyingi na akina mama na watoto wasio na viatu. Banda la mbwa lijengwe penye jua, likiwa na sakafu ya saruji au mbao zilizoinuliwa, kwa kuwa lava hufa upesi wanapokauka. Anayeingia shambani avae gambuti. Ndala haziukingi mguu na tope.

Watoto wa mbwa ndio huumia zaidi: huharisha, hukohoa na kudhoofu. Vidonge vya tegu peke yake haviwaui minyoo hawa, hivyo mweleze afisa mifugo unachokishuku na umpelekee kinyesi kibichi cha siku hiyo. Lava hawatoki kila siku. Kipimo kimoja kisichoonesha kitu hakitoshi.

Usimchome mbwa sindano ya ivamektini, dawa ya minyoo, ya ng'ombe kwa kukisia. Dawa ya asilimia 1 hutolewa mililita 1 kwa kila kilo 50 za ng'ombe, na mbwa wa kilo 10 huzidishiwa kirahisi sana na bomba lililozoea ng'ombe. Mbwa wa jamii ya Collie wanaweza kufa kwa dawa hiyo. Binadamu naye asinywe dawa ya mifugo. Ivamektini ya watu ipo, na hutolewa na daktari kwa kufuata uzito.

Mtu mwenye mwasho wa miguu baada ya kazi ya shamba, mistari myekundu inayotambaa haraka mapajani au makalioni, au maumivu ya tumbo yasiyoisha, amweleze daktari kuwa anafuga mbwa na kulima bila viatu. Amweleze hivyo hasa kabla ya kuandikiwa prednisoloni au deksamethasoni kwa ajili ya pumu, ngozi au viungo, kwa sababu dawa hizo hushusha kinga na kuwaacha minyoo wazaliane kupita kiasi hadi wasambae mwilini, hali ambayo mara nyingi huua.